Ufundi wa Kufufua Pikipiki Ndogo za Japani

Kati ya kazi za mikono zinazostahili heshima kubwa kuliko inayotolewa ni ufufuaji wa pikipiki ndogo za Japani, hasa za ukoo wa Honda Super Cub, iliyoingia sokoni mwaka 1958 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 49 na klachi inayojishika yenyewe kwa nguvu ya mzunguko, hivyo kwamba mwendeshaji hubadilisha gia bila kuminya mkono wa klachi. Silinda yake imelala karibu sambamba na ardhi, na mpangilio huo ukarithiwa na pikipiki nyingine ndogo za Honda, Monkey na Dax, ambazo sehemu zake nyingi huingiliana; ndiyo maana fundi huweza kufunga silinda na pistoni pana zaidi, akapandisha ujazo kutoka 49 hadi 88, bila kugusa fremu.

Ugumu halisi, hata hivyo, umo katika mambo madogo: kuondoa kutu ndani ya tangi, kuzibua vijitundu vya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na kurekebisha platini, yaani ncha mbili za chuma zinazokata umeme ili plagi itoe cheche kwa wakati wake. Hapo kipimo kikikosewa kidogo tu, injini hukataa kuwaka au hukosa nguvu. Wanaostahili sifa zaidi ni mafundi wanaoibakiza rangi ya kiwandani, hata iliyochakaa, wakaelekeza juhudi zao kwenye breki, beringi na nyaya.