Kusawazisha au Kuoanisha? Uhakiki wa Istilahi Moja Kutoka Muhokya

Makala hii inahakiki kitenzi kusawazisha, kinapotumiwa kwa kazi ya kuhakikisha kwamba taarifa za wateja katika hifadhidata na maudhui ya tovuti haziachani. Simu za Android zilizowekwa katika Kiswahili hukitumia, hivyo kimewafikia watu wengi kabla ya orodha yoyote ya istilahi.

Mfano ninaoutumia niliushuhudia katika duka moja la vifaa vya ujenzi huko Muhokya, kando ya barabara itokayo Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Mwenye duka huzungumza Lukonzo nyumbani, na Kiswahili na wateja wanaovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Hifadhidata yake ina majina, namba za simu na madeni. Tovuti yake huorodhesha mafundi walio wateja wake wa kudumu, ili anayetafuta fundi ampate. Kijana aliyeitunza aliachiwa agizo la mstari mmoja: asawazishe orodha ya wateja na tovuti kila Ijumaa. Akasawazisha. Kufikia Jumamosi mchana, madeni yetu yalikuwa yakisomwa sokoni Bwera. (Jina langu lilikuwamo, nilikuwa nadaiwa bei ya mifuko minne ya saruji.) Isitoshe, fundi ambaye namba yake ilikuwa imesahihishwa kwenye tovuti pekee alirudishiwa namba ya zamani.

Sikubaliani na waliomwita kijana mzembe. Alilitii neno. Kusawazisha kiwanja ni kuchimba palipoinuka na kufukia palipobonyea, hadi pande zote zilingane. Mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa soka, ambako anayesawazisha ni yule aliyetangulia kufungwa, kwa hiyo mwelekeo upo. Ni kweli, lakini kinacholingana pale ni idadi ya mabao, si wafungaji. Orodha mbili zenye majina mia mia zinaweza kuwa sawa kwa namna hiyo na bado zikapingana.

Kulandanisha, lenye mzizi landa, yaani kufanana na kitu, halituokoi: tovuti iliyofanana na daftari ndiyo iliyotuumbua. Kuoanisha ni bora zaidi. Mlango na fremu huoana bila kufanana. Hivyo tovuti inaweza kuoana na hifadhidata huku ikionyesha tu kile ambacho mteja ameridhia, jambo linalokwenda sambamba na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019.

Hata hivyo, istilahi nzuri haitoshi pale sarufi inapoachwa na utata. Katika agizo lile, na iliweza kusomwa kama kiunganishi, nayo orodha na tovuti zikawa yambwa mbili, zote za kubadilishwa. Katika kuoanisha tovuti na hifadhidata, ni afadhali yambwa iwe ndiyo inayobadilika, na kinachofuata na kiwe kipimo. Udhaifu huu hautajwi na waunda istilahi, ambao wengi wetu huchunguza neno likiwa pekee. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wasomaji wa maagizo ya namna hii wanatarajiwa kuongezeka.

Mwenye duka hakusubiri mjadala wetu. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwake sasa inasema: tovuti ifuate daftari, kwa jina na fani tu, simu ni ya aliyekubali.