Kanda za Bear

Agosti 1968 bendi ya Big Brother and the Holding Company ya San Francisco ilitoa albamu ya Cheap Thrills, na kabla mwaka haujaisha albamu hiyo ilikuwa imekaa kileleni mwa chati za Marekani wiki 8. Ukiisikiliza utaapa kwamba ilirekodiwa ukumbini. Mtu anaitambulisha bendi, watu wanashangilia, gitaa linakwaruza, kisha Janis Joplin anaingia na sauti yake ile ya kuchanika. Kumbe nyimbo nyingi zilipigwa studioni na kelele za watu zikapachikwa baadaye. Mapema mwaka huo walijaribu kuirekodi bendi ikiwa jukwaani mjini Detroit, wakasikia makosa mengi mno, wakaona afadhali ukumbi wa kutengeneza kuliko ukumbi wenyewe.

Wiki chache kabla ya albamu hiyo kutoka, Jumapili ya Juni 23, bendi ileile ilipiga Carousel Ballroom, San Francisco. Kwenye mitambo alikuwapo mtu aliyewasha mashine ya kanda bila kuagizwa na kampuni yoyote. Kanda hiyo ilitolewa kama albamu mwaka 2012, baada ya miaka 44. Naipenda Cheap Thrills, lakini hii ya Carousel ndiyo inayonifanya niweke chini chochote nilichoshika. Magitaa ya Sam Andrew na James Gurley yanagombana, mara nyingine hayaafikiani hata juu ya tuni. Joplin anaikimbilia noti ya juu, anaipata nusu, anaing'ang'ania vivyo hivyo mpaka inamtii. Makosa yaliyokimbiwa Detroit yamo humu yote, na mtu akiyasikiliza ndipo anapoelewa kwa nini vijana wa San Francisco walipanga foleni usiku kuiona bendi hii.

Aliyewasha mashine ni Augustus Owsley Stanley, ambaye wenzake walimwita Bear. Alizaliwa mwaka 1935, mjukuu wa gavana wa Kentucky aliyekuwa na jina hilohilo. Alipitia jeshi la anga, akafanya kazi za elektroniki na utangazaji, akasomea hata baleti. Kilichompa umaarufu ni kingine: alikuwa mtengenezaji mkubwa wa LSD, dawa ambayo California haikuipiga marufuku mpaka Oktoba 1966. Habari hiyo imeandikwa mno, na kwa maoni yangu imemfunika mtu mwenyewe. Ni kweli fedha za dawa zilinunua vifaa vya bendi changa ya Grateful Dead. Lakini wenye fedha za kununua vifaa walikuwa wengi San Francisco, na kanda zao hatuzisikii.

Mwanzoni mwa 1966 bendi hiyo ilikaa naye nyumba moja Los Angeles, ikila nyama karibu tupu kwa sababu Bear aliamini kwamba mboga si chakula cha binadamu. Mtu wa misimamo mikali, katika chakula na katika sauti. Siku hizo vipaza sauti vya kumbi nyingi vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya hotuba. Mwimbaji wa roki akisimama mbele ya amplifaya za magitaa, alikuwa kama hayupo. Bear alitoa mitambo yake ya nyumbani, spika za Altec za kumbi za sinema na amplifaya za McIntosh, akaipandisha jukwaani. Alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja wa enzi hizo, akiwa amekunywa dawa yake mwenyewe, aliiona sauti kwa macho ikitoka kwenye spika. Tunaweza kuliamini hilo au tusiliamini. Ninachokiamini mimi ni kile alichokifanya kesho yake na miaka iliyofuata: alianza kuishughulikia sauti kama kitu chenye mahali pake, kinachokaa hapa na si pale.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya sauti za ukumbini, na kurekodi kulizaliwa humo. Aliiunganisha mashine ya kanda na mitambo yake, akaiacha izunguke usiku kucha, na onyesho likiisha akaketi kusikiliza. Ngoma ilimeza sauti ya mwimbaji wapi? Besi ilipotea wimbo gani? Maikrofoni ile ikisogezwa kidogo itakuwaje? Kanda hizo mwenyewe aliziita shajara za sauti, na zilikuwa shajara kweli, zilizoandikwa ili zisomwe na mwandishi wake. Fundi cherehani hodari akimaliza vazi huligeuza ndani nje akague mshono kabla mteja hajafika, na Bear alilikagua kila onyesho hivyo.

Hapa ndipo ninapouona ubora wa kazi yake. Anayerekodi ili auze anamfikiria mnunuzi, na sikio lake huanza kusamehe au kuficha. Anayerekodi ili ajisahihishe hana wa kumficha. Hii haina maana kwamba kanda za Bear ni chafu, kwani nyingi ni safi kuliko albamu zilizogharimu fedha nyingi wakati huohuo. Usafi wake unatokana na maamuzi yaliyofanywa kabla ya noti ya kwanza: maikrofoni ipi, umbali gani na ngoma, iingie upande gani. Kanda yake ilikuwa na njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Studioni mpiga gitaa akikosea anarudia sehemu yake peke yake, na uwiano wa sauti unapangwa hata mwezi mmoja baadaye. Bear alipanga uwiano muziki ukipita, na ulipopita haukurudi.

Katika kanda ya Carousel sauti zimegawanywa kwa ukali, nyingine zote kushoto na nyingine zote kulia, mpaka ukivaa spika za masikioni unahisi bendi imekatwa vipande viwili. Bear aliisimamia kazi ya kuiandaa albamu ile kabla hajafariki, na ushauri wake ulikuwa kwamba msikilizaji aziweke spika zake mbili bega kwa bega. Nimefanya hivyo. Sauti zilizotengana zinakutana hewani mbele yako, kila moja na mahali pake, na bendi inakuwa nzima. Aliuachia muziki ukamilike chumbani kwa msikilizaji, badala ya kuukamilisha kwa hila ndani ya kanda.

Grateful Dead walimhitaji mtu wa namna hiyo kuliko bendi yoyote. Albamu yao ya kwanza, ya Machi 1967, ilirekodiwa haraka haraka Los Angeles katika siku chache, na wenyewe hawakuifurahia. Phil Lesh alikuwa mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi. Gitaa la besi alilishika kwa mara ya kwanza alipojiunga na wenzake mwaka 1965. Mpiga gitaa wao, Jerry Garcia, alitoka kwenye banjo. Walikuwa wanajifunza mbele ya watu, na studio haina subira na mwanafunzi. Wimbo wao Dark Star ulipotoka kwenye santuri ndogo mwaka 1968 haukufika dakika 3. Katika Live/Dead, albamu ya Novemba 1969 iliyorekodiwa ukumbini na Bob Matthews na Betty Cantor kwa mashine ya njia 16, jambo geni kabisa kwa roki ya jukwaani wakati huo, wimbo huohuo unapita dakika 23. Betty Cantor anastahili insha yake mwenyewe. Wanawake waliokabidhiwa mashine za kurekodi miaka ile walikuwa wachache mno, naye alikuwa na sikio la ajabu.

Lakini kanda ninayoirudia kuliko zote si ya Grateful Dead. Februari 1970 walikwenda New York kupiga Fillmore East, na miongoni mwa waliowatangulia jukwaani walikuwamo vijana wa kusini, Allman Brothers Band, ambao bendi yao haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja. Albamu yao ya kwanza ilikuwa imetoka miezi michache nyuma na wanunuzi walikuwa wachache. Bear hakuwa na wajibu wowote kwao. Akaacha mashine ikizunguka.

Wapenzi wa roki wanaijua albamu iliyokuja baadaye, At Fillmore East, iliyorekodiwa Machi 1971 katika ukumbi huohuo chini ya Tom Dowd, mmoja wa mafundi wakubwa wa karne ile. Ni kazi iliyokamilika. Wimbo wa Whipping Post umejaza upande mzima wa santuri, karibu dakika 23, na kila pumzi ya bendi inajua inakokwenda. Weka kando yake kanda ya Bear, ambayo mashabiki waliipata rasmi katika miaka ya 1990. Whipping Post ni ya dakika 8 hivi. In Memory of Elizabeth Reed, wimbo wa Dickey Betts ambao bado haukuwa umetoka kwenye albamu yoyote, unapigwa kwa tahadhari, kama wimbo mgeni kwa wapigaji wenyewe. Duane Allman anaanza wazo kwenye gitaa, analiacha njiani, anachukua jingine. Wapiga ngoma wawili, Butch Trucks na Jaimoe, bado wanatafuta nani aongoze na nani ajaze.

Kisha inakuja Mountain Jam, nusu saa nzima, na humo unasikia mlango ukifunguka. Kuna mahali magitaa mawili yanafuatana, yanapishana, halafu ghafla yanakwenda pamoja kwa sauti mbili zinazolingana, na besi ya Berry Oakley inapanda kutoka chini kuyakuta. Machi 1971 jambo hilo litakuwa desturi yao. Hapa wanalipata, na ukisikiliza kwa makini unasikia kwamba wao pia wameshangaa. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Oktoba 1971, Oakley vilevile Novemba 1972. Bila Bear tungebaki na kilele cha mlima, na njia ya kukipanda tungeikisia tu.

Wakosoaji wengine huona rekodi za siku za mwanzo ni za mashabiki sugu tu, mabaki ya meza ya karamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Muziki wa jukwaani hujengwa na watu wanaosikilizana, na kusikilizana huko husikika wazi zaidi kabla hakujawa mazoea. Bendi iliyokomaa inaficha viungo vyake. Bendi changa inakuonyesha kila kiungo.

Kanda nayo ina masharti yake. Ni utepe wa plastiki wenye upana wa robo inchi, uliopakwa vumbi la oksidi ya chuma, na sauti yote imo katika mpangilio wa sumaku wa vumbi hilo. Ukiuendesha inchi 15 kwa sekunde unapata sauti pana, lakini futi 1,800 za utepe zinakwisha kwa dakika 24. Ukiuendesha inchi 7.5 unapata dakika 48 na kupoteza sehemu ya ung'avu wa juu. Grateful Dead hawakusimama kungoja fundi abadilishe kanda, ndiyo maana katika rekodi za zama hizo wimbo hukatika katikati, au huanza ukiwa umeshakwenda mbali. Mwanzoni mikato hiyo ilinikera. Sasa nasikia ndani yake mikono ya mtu gizani, akitoa gurudumu lililojaa na kupachika tupu huku masikio yake yakiwa bado jukwaani.

Wala hakuchagua aina ya muziki. Aprili 24, 1968 alimrekodi Johnny Cash katika ukumbi uleule wa Carousel. Mei 29, 1970 alimrekodi Ali Akbar Khan akipiga sarod, Indranil Bhattacharya sitar, na kijana wa miaka 19, Zakir Hussain, kwenye tabla. Hiyo nayo ni rekodi ya siku za mwanzo: vidole ambavyo dunia ingevijua baadaye, vimenaswa wakati ambapo Marekani ilikuwa haijamfahamu mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1970 Bear alipelekwa gerezani kwa makosa ya dawa, akatoka 1972. Mwaka uliofuata ilitoka albamu aliyoichagua mwenyewe kutoka maonyesho yale ya Fillmore East, Bear's Choice, miezi michache baada ya kifo cha Pigpen, mpiga kinanda na mwimbaji wa bluzi wa Grateful Dead, aliyefariki akiwa na miaka 27. Upande wa pili wote ni Pigpen akiimba. Upande wa kwanza kuna wimbo mmoja ambao yuko peke yake na gitaa lisilo la umeme, na maikrofoni iko karibu kiasi kwamba unamsikia akitabasamu kati ya mistari. Huwezi kuipata sauti ya namna hiyo kwa mashine peke yake. Lazima aliyeweka maikrofoni awe amempenda mtu yule.

Bear alihamia Australia, akafa huko kwa ajali ya gari Machi 2011. Aliacha kanda zipatazo 1,300 za wanamuziki wengi, na Owsley Stanley Foundation ndiyo iliyochukua kazi ya kuzihamisha kwenye dijitali kabla vumbi lile la chuma halijaanza kubanduka. Kazi ya kuhamisha ina ufundi wake, na inafanana na ile ya kwanza. Kichwa cha mashine kinachosoma utepe lazima kikae kwa pembe ileile ya kichwa kilichourekodi. Kikipinda kidogo, sauti za juu hufifia na bendi nzima inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Kila kanda ina pembe yake. Fundi anasikiliza matoazi, anageuza skrubu kidogo, anasikiliza tena, anageuza, mpaka yang'ae kama yalivyong'aa ukumbini. Kanda ambazo bado hazijatolewa mimi nazisubiri kwa hamu kuliko albamu yoyote mpya itakayotoka mwaka huu.