Mkono wa Saisi

Miongoni mwa kazi za ufugaji, ulishaji wa farasi ni mojawapo ya zile ambazo ustadi wake hujulikana zaidi kwa kile ambacho mlishaji amekizuia kuliko kwa kile alichokitoa, kwa kuwa mnyama huyu, licha ya ukubwa wa mwili na nguvu za misuli yake, ana tumbo lisilostahimili ukarimu wa ghafla. Saisi, yaani mtu aliyekabidhiwa kazi ya kumlisha farasi, kumsafisha na kumwangalia, husifiwa mara chache, hasa kwa sababu kazi yake ikifanywa vema hakuna kinachotokea: hakuna farasi anayegaagaa usiku kwa maumivu ya tumbo wala anayechechemea asubuhi, na mwenye mali hulala akidhani kwamba amejaliwa farasi wenye bahati.

Sababu ya tahadhari hiyo imo katika maumbile ya mnyama mwenyewe. Tumbo la farasi mwenye uzito wa kilo 500 huchukua takriban lita 8 hadi 15 tu, naye hacheui kama ng'ombe, wala hawezi kutapika, kwa kuwa msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo umebana mno. Kinachoingia humo hakina budi kusonga mbele. Asidi ya tumbo humwagika usiku na mchana, awe amekula au hajala, ilhali mate yanayoipunguza makali hutoka pale tu anapotafuna, ndiyo maana farasi anayekaa saa nyingi mbele ya hori tupu, yaani chombo chake cha kulia, hupatwa na vidonda vya tumbo hata kama jumla ya chakula chake cha siku inatosha. Huyu ni mnyama wa mbugani, aliyezoea kula kidogokidogo hata kwa saa 16 katika siku moja, na sehemu kubwa ya nyasi anazokula huvunjwavunjwa mwishoni mwa safari, katika utumbo mpana, ambamo vijidudu wasiohesabika huzichachusha mithili ya togwa mtungini na kumpatia nguvu anazokimbilia. Kwa hiyo anayemlisha farasi anawalisha kwanza vijidudu hao, na hao hawapendi mageuzi.

Hapo ndipo nafaka, ambayo machoni pa watu wengi ndiyo chakula cha heshima, inapoweza kugeuka kuwa hatari. Farasi akipewa shayiri au mahindi mengi kwa mkupuo, wanga unaoshindwa kumeng'enywa katika utumbo mwembamba hupita hadi katika utumbo mpana, ambako huchachuka upesi na kuzalisha asidi ya laktiki. Vijidudu wanaosaga nyasi hufa kwa wingi, sumu huvuja na kuingia damuni, na madhara yake, jambo linalowashangaza wasiojua, huweza kuonekana kwatoni. Ndani ya kwato mna tabaka za nyama laini zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu kwenye ukuta wa ukwato, nazo zikivimba na kuachia, ugonjwa unaoitwa na madaktari laminitisi, mfupa huo huzama au huinama, na farasi aliyekuwa akishindana mbio huenda asitembee tena bila maumivu. Saisi mwenye busara, basi, hampi farasi wa kilo 500 zaidi ya kilo 2 za nafaka kwa mlo mmoja, hujenga posho ya siku juu ya nyasi zenye uzito wa asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wa mnyama, na akilazimika kubadilisha chakula hufanya hivyo polepole kwa siku 7 hadi 14. Tena hupima kwa mizani, si kwa kopo, kwa sababu kopo la mahindi ni zito kuliko kopo la shayiri, na wengi wamewaumiza farasi wao kwa kuamini kwamba ujazo ni sawa na uzito.

Thamani ya ujuzi huu iliwahi kuonekana katika biashara ya Bahari ya Hindi. Marco Polo, aliyepita pwani ya kusini-mashariki ya India mwishoni mwa karne ya 13, alieleza kwamba wafalme wa huko walinunua kila mwaka farasi kwa maelfu kutoka kwa wafanyabiashara wa Hormuz, Aden na bandari za Oman kama vile Dhofar, na kwamba wengi wa farasi hao walikufa kabla ya mwaka kwisha kwa kukosa watu wanaojua kuwatunza, huku wakilishwa wali uliopikwa pamoja na nyama. Aliongeza kuwa wafanyabiashara hawakuruhusu watabibu wa farasi wafike huko, wapate kuuza wengine mwaka uliofuata. Hata kama msafiri huyo alitia chumvi, kama ilivyokuwa desturi yake, alilenga penyewe: aliyemuuza farasi bila kumuuza saisi alikuwa amejiwekea soko la kudumu.

Kuna kosa lingine, la kimyakimya zaidi, linalohusu madini. Mifupa ya farasi huhitaji kalsiamu, yaani madini ya chokaa, isiyopungua kiasi cha fosforasi katika chakula chake, na ni bora zaidi kalsiamu ikizidi. Pumba za ngano, ambazo ni laini, nafuu na hupendwa sana na farasi, zina fosforasi nyingi kupita kiasi na kalsiamu kidogo; farasi anayelishwa pumba miezi mingi hulazimika kuchota kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe, na ile ya taya na uso hulainika na kuvimba hadi kichwa kubadilika umbo. Huko Ulaya ugonjwa huu uliwasumbua hasa farasi wa wenye vinu, waliokuwa na pumba tele. Nyasi za kikuyu, zilizotoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kupandwa Australia kwa ajili ya malisho, zilileta balaa lilelile kwa njia nyingine, kwani zina oksaleti, kemikali inayoifunga kalsiamu tumboni isiweze kutumika. Ng'ombe huzila bila taabu kubwa, kwa kuwa vijidudu wa tumbo lake la kwanza huivunja oksaleti mapema, lakini farasi hana tumbo la namna hiyo. Ndiyo maana nyasi za Rhodes, ambazo wakulima wa Kenya huziita boma rhodes na ambazo hazina oksaleti nyingi, ni hei, yaani nyasi zilizokaushwa, inayofaa zaidi, na pale ambapo hakuna malisho mengine ila kikuyu, saisi huongeza lusani na chokaa ya mifugo.

Hesabu hizo zote, hata hivyo, hazimtoshi mtu asiyejua kutazama na kupapasa. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walichapisha kipimo cha unono chenye ngazi 1 hadi 9, ambacho humtaka mpimaji apapase mbavu, shingo, mgongo na shina la mkia, na farasi wa ngazi ya 5 ni yule ambaye mbavu zake hazionekani lakini huhisiwa kwa urahisi chini ya vidole. Wanasayansi waliwapa masaisi namba, na si jambo dogo, maana bila namba unono huingia taratibu na jicho likauzoea. Mgiriki Xenophon, katika kitabu chake kuhusu upandaji farasi kilichoandikwa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikuwa ameshashauri kwamba zizi lijengwe mahali ambapo mwenye farasi atamwona mnyama wake mara kwa mara, na kwamba farasi anayemwaga chakula nje ya hori achunguzwe, kwa kuwa huenda ni dalili ya maradhi. Saisi wa leo hutazama pia mavi, husikiliza ubavuni ngurumo za utumbo, na huokota mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu, yanayomwambia kwamba magego, ambayo huendelea kuchomoza milimita 2 hadi 3 kila mwaka, yamefanya kingo kali na yanahitaji tupa. Jioni huwaingiza farasi zizini mapema, maana visubi, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Kiafrika, huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri.

Kujizuia nako kuna mpaka wake, na mpaka huo huonekana wazi kwa punda, ndugu wa farasi anayejulikana zaidi na wasomaji wa pwani, hasa wa Lamu. Punda huhitaji nishati kidogo kuliko farasi wa uzito uleule, na hunenepa upesi akipewa malisho mazuri bila kazi. Lakini punda mnene akinyimwa chakula kwa ghafla, iwe kwa ugonjwa au kwa pupa ya mwenye punda kutaka apungue, mafuta ya mwili hufurika katika damu yake, ini hulemewa, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo anayempunguza hubadilisha malisho mabichi kwa mabua makavu ya shayiri, kidogo kwa kidogo kwa majuma kadhaa, huku akihakikisha kwamba kila siku mnyama amekula kitu.