Kokoto Kabla ya Mchanga

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilijiwekea lengo zito: ndani ya miaka 20, kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Miradi ilijengwa, lakini masika yakianza, mito iliingiza tope mabombani. Shabu ya kutuliza tope hilo na klorini ya kuua vijidudu zilihitaji fedha za kigeni, nazo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa adimu.

Chujio la mchanga la polepole lilikwepa gharama hiyo. Maji hushuka sentimita 10 hadi 20 tu kwa saa, na juu ya mchanga huota utando wa viumbe hai wadogo unaoangamiza bakteria. Ila likipewa tope jingi, huziba upesi.

Kikwazo hicho kilishughulikiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tolly Mbwette, baadaye Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria, akisomea uzamili wa uhandisi, alifanya utafiti pamoja na Mswisi Martin Wegelin; tasnifu ya Mbwette ilitoka mwaka 1983. Chujio la mchanga waliliacha lilivyo, wakatafuta namna ya kuyaandaa maji kabla hayajalifikia.

Maji yalipitishwa kwa mlalo ndani ya mfereji wenye kokoto kubwa, kisha za kati, kisha ndogo, kuanzia milimita 20 hivi kushuka hadi 5. Siri iko kwenye umbali wa kuzama. Katika tangi la kawaida la kutulizia maji, chembe ya tope huhitaji kushuka mita moja au zaidi ndipo itulie. Katikati ya kokoto hushuka milimita chache tu, ikatua juu ya jiwe. Tope likijaa, valvu za chini hufunguliwa ghafla, maji yakaondoka nalo. Baada ya muda mrefu, kokoto hutolewa kwa koleo, zikaoshwa na kurudishwa. Kazi hiyo kijiji kinaiweza bila kuagiza kitu ng'ambo.

Mbinu ina bei yake: hula eneo kubwa, na udongo laini kupita kiasi hupenya. Tena haiondoi chumvi wala floridi. Mwanafunzi wa uhandisi wa leo azingatie hilo hasa. Visima vifupi vya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, mara nyingi havisumbuliwi na tope. Vinasumbuliwa na vyoo vya shimo vilivyo jirani na chumvi inayopenya kutoka baharini. Mfereji wa kokoto hapo ungekuwa ujenzi mzuri usio na kazi. Mbwette na Wegelin walifaulu kwa sababu walijua kwanza ni uchafu gani unaoziba mchanga. Kwa hiyo maji yapimwe masika na kiangazi, ndipo mchoro uchorwe.