Pongezi kwa Mkunga wa Zahanati

Huko Ngara na Biharamulo, mama mjamzito anaweza kujisikia mzima kabisa huku presha yake imevuka 140 kwa 90. Mkunga wa zahanati hamruhusu aende kwa sababu tu halalamiki. Anampumzisha, anampima tena, anachovya kijiti kwenye mkojo kutafuta protini, kisha anamdadisi: kichwa kinauma, dada? Macho yanaona ukungu? Chembe ya moyo je?

Maswali hayo hutafuta dalili za hatari ya kifafa cha mimba, nayo yanaokoa watu. Kifafa hicho kikishaanza, umbali wa kufika hospitali za Murgwanza, Rulenge au Biharamulo unakuwa mrefu mno, hasa masika. Ndiyo maana dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti hutolewa kabla ya safari. Utafiti mkubwa wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Ni ya bei nafuu, lakini haitaki papara: gramu 4 taratibu kwenye mshipa, gramu 5 kila tako. Wenzake mkunga huyo walio hospitalini, kabla ya kuirudia, huhesabu pumzi, hupima kiasi cha mkojo na hugonga goti waone kama mguu unaruka, maana ikizidi inaweza kusimamisha pumzi.

Namsifu zaidi anayeendelea kumpima mama baada ya kujifungua, wakati ndugu wote wameshahamia kwa mtoto. Kifafa cha mimba huweza kuja hata siku kadhaa baadaye.