Ramani tumechora, mjumbe kabaki na nini?

Muulize mtu wa mipangomiji hapa Dar alijifunzia wapi kazi. Ni wachache watakaotaja ukumbi wa mihadhara, wengi watakwambia fildi. Mimi pia. Ndiyo maana nasema kabisa kwamba siandiki kuponda fildi. Nina ugomvi na namna tunavyoimaliza.

Mfano unaojulikana zaidi ni Ramani Huria. Mradi ulianza 2015, ukitanguliwa na jaribio la Tandale la 2011. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia na wakazi kwenye kata zinazofurika, wakachora nyumba, mifereji, mito na vichochoro. Kila kitu kikawekwa OpenStreetMap, bure kwa yeyote.

Kisayansi, kazi hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Picha ya droni inaona bati, haioni mfereji uliozibwa na taka chini ya ubao. Halafu modeli ya mafuriko, hata iwe ya kisasa vipi, lazima ilinganishwe na mafuriko yaliyotokea kweli, la sivyo ni makisio tu. Kwenye mitaa isiyo na kipimo cha maji, kipimo ni alama ya tope ukutani na mama anayekuonyesha kwamba mwaka ule yalimfika kiunoni. Mipaka ya mashina nayo ilikuwa kichwani mwa wajumbe. Wanafunzi walitembea nao ndipo ikapatikana. Hakuna profesa anayeweza kufundisha hayo kwa slaidi.

Sasa tatizo. Mwanafunzi anapewa maksi kwa kitu gani? Kwa logbuku, ripoti, na pointi alizokusanya. Yaani tunamfundisha kuchukua. Kurudisha hakumo kwenye ratiba.

Nilipokuwa fildi (sikuwa Ramani Huria, ilikuwa zoezi la darasa letu tu, na mtaa siutaji), mzee mmoja mjumbe alituzungusha siku nne juani. Siku ya mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hiyo karatasi mtaileta lini?" Nikamjibu, "Karibuni tu, mzee." Nikapata A. Sikurudi.

Najua utaniambia data iko wazi, aifungue mwenyewe. Haya, aifungue kwa bando la nani, na ajue abonyeze wapi? Na mtaa hausubiri. Ukuta mmoja ukijengwa, maji yanabadili njia na ramani yako inakuwa historia. "Huria" ni neno zuri, ila lazima tuulize huria kwa nani.

Kuna jambo zito zaidi. Desemba 2015 nyumba zilibomolewa bonde la Msimbazi. Sisemi ramani ya mwanafunzi ndiyo iliyoleta greda, sina ushahidi wa hilo. Ila orodha ya nyumba zinazofikiwa na maji inaweza kusomwa kama orodha ya watu wa kuwasaidia, au kama orodha ya watu wa kuwaondoa. Mwanafunzi anayebonyeza "tuma" bila kuwaza hilo hajaiva, hata kama GPS anaijua vizuri kiasi gani.

Mukuru, Nairobi, walijaribu njia nyingine. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ililitangaza kuwa eneo maalumu la upangaji, na vyuo vikuu vikafanya kazi pamoja na Muungano wa Wanavijiji na idara za kaunti. Kazi ilikuwa na wa kuipokea kisheria, na wakazi walijipanga kuanzia vikundi vya kaya chache. Haikuwa dawa ya kila kitu. Novemba 2021 watu wa Kwa Njenga walibomolewa hata hivyo. Lakini wakati wa upangaji, mtaalamu kijana alikuwa na watu wa kumuuliza, "ulisema nini, umefanya nini?"

Hapa kwetu ningependa sehemu ya maksi, tuseme 30 kati ya 100, ishikiliwe hadi masika ipite. Mwanafunzi arudi na karatasi, akae na wajumbe, arekebishe alipokosea, na wao ndio waseme kama amefaulu. Gharama yake ni nauli ya daladala na kuchapa A1 mbili tatu. Walimu watasema muhula haukai hivyo. Basi muhula ndio ubadilike, mvua hazitabadili tarehe kwa ajili yetu.

Mwezi uliopita nilirudi, nimechelewa miaka mingi. Shikamoo ilinitoka kwa aibu. Mzee aliitandaza ramani kwenye benchi, akaiangalia muda mrefu, akaniuliza msikiti uko wapi. Ulikuwepo, ni kibanda kama vibanda vingine, hatukuuandika jina. Mafuriko ya 2018, akasema, watu walilala pale. Kisha akaomba kalamu, akaanza kuweka alama kwenye nyumba za wazee wasioweza kutembea. Hilo hatukuwahi kumuuliza.