Vazi Nalo Husema: Mavazi Katika Black Panther

Wengi wetu tukihakiki filamu tunakimbilia maudhui, vazi tunaliacha kama pambo tu. Katika Black Panther (2018), mbunifu Ruth E. Carter aliwavika askari wanawake wa mfalme rangi nyekundu na shanga za Kimasai, pamoja na pete za shingoni za Wandebele; walinzi wa mpakani wakapewa mablanketi ya Wasotho. Mwaka 2019 akatwaa Oscar ya mavazi. Kifani, kafaulu kweli: nguo inamtambulisha mhusika kabla hajafungua mdomo. Lakini ndugu msomaji, kule Lesotho kijana wa jandoni ana blanketi lake, bwana arusi ana lake. Kwenye filamu eti limegeuka ngao! Nionavyo mimi, hapo maudhui yamechechemea: mtazamaji asiyewajua Wasotho atoka ameliona blanketi, wenyewe hakuwaona.